Pikipiki Honda CG125 ya 1978 inazima ikishapata moto

Mpya_wa_CG: Wakuu, hii ya volti 6, yenye platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke). Asubuhi kiki moja tu inawaka. Ikishapata moto inakohoa, inazima, na haiwaki mpaka ipoe. Kabureta nimesafisha.

Platini: Ikizima tu, fungua mfuniko wa tangi. Hewa ikiingia kwa nguvu, tundu la mfuniko limeziba. Kama siyo, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iegemeze kwenye hedi (kichwa cha injini), piga kiki. Cheche nyembamba ya njano inaonyesha kondensa (kifaa kidogo cha umeme kinachofanya kazi na platini) imechoka. Ikipata joto ndiyo inasaliti. Angalia na ncha za platini: zikiungua nyeusi au kuota kijipele, badilisha platini na kondensa pamoja. Acha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 kati ya ncha zikiwa wazi kabisa, kisha pangilia upya taimingi (wakati wa cheche kutoka), maana inahama. Tafadhali usiache alama ya grisi kwenye ncha.

Tepeti: Kondensa nakubali. Ila pima na nafasi ya vali, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu mwisho wa kubana: milimita 0.08. Ya ekzosi ikibana, haifungi na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inapotea.

Mpya_wa_CG: Cheche ni ya njano. Naanza na kondensa.