"Umefika mwisho wa safari yako": huyu dada wa kwenye ramani ana nini na mimi?

Gia Namba Moja (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa bado na tope masikioni, na suruali niliyovaa sasa hivi siyo yangu.

Ile programu ya ramani mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ile yenye dada mwenye sauti ya upole kama nesi anayekuficha sindano. Huyo huyo. Leo amenifanyia kitu ambacho hata adui zangu hawajawahi kuthubutu.

Tulialikwa mahali, kilometa 60 hivi. Nikaweka unakokwenda, nikatazama muda: saa 12. Safi, jioni, kabla ya giza. Kwenye lami hakuna neno. Dada anamwaga maelekezo kama mzaliwa wa pale. Hadi nikamwambia mke wangu, "unaona mambo ya kisasa haya?" Kiti cha nyuma yumo mama mkwe. Shikeni hilo: mama mkwe yumo ndani ya gari, tena kavaa nyeupe.

Mara dada akasema, "Baada ya mita 300, pinda kulia." Hiyo kulia yenyewe ni uwazi kati ya vichaka viwili. Nikapinda. Msiniulize kwa nini, alisema kwa kujiamini! Barabara ya vumbi ikawa njia, njia ikawa kinjia, kinjia kikawa alama za kwato. Mtandao ukakata. Ramani yote ikafutika, kikabaki kidoti cha buluu kinaelea kwenye weupe kama roho iliyopoteza mwili. Nikaanza kushuka mteremko, gari likateleza lenyewe hadi ndani ya kijito, maji usawa wa vitasa vya milango. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Kimya. Hata vyura walinyamaza. Na ndani ya kimya kile, dada akafungua kinywa:

"Umefika mwisho wa safari yako."

Wakuu. MWISHO. WA. SAFARI. YAKO. Mama mkwe akaanza kusali. Siyo ile sala ya kuomba safari njema, ile nyingine.

Na wenyeji wetu tunawaona kule ng'ambo, mita 200 tu, wanatupungia mikono. Sisi tunapunga kuomba msaada, wao wanajua tunasalimia.

Nimetoa vyura wanne kwenye droo ya dashibodi. Nataka programu MOJA inayojua lami na inayojua porini. Na isiyokuwa na dada.

Kiti cha Mbele

Nimekaa hapa. Ngoja wajuzi waje.

Mpenda Ligi

Chai hii haina tangawizi. Mtandao umekata, ramani imefutika, halafu dada kaongea kwa kutumia nini? Upepo?

Mzee wa Dira

Siyo chai. Vijana mnachanganya vitu viwili. Simu inajua ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti za GPS, mali ya Marekani, zilizoko juu kilometa kama 20,200. Ikizipata nne tu, inakokotoa mahali ulipo, na kazi hiyo haili bando hata kidogo. Kinachotaka mtandao ni picha ya ramani kama hukuipakua mapema. Orodha ya maelekezo ilikuwa imeshaingia kwenye simu tangu nyumbani, ndiyo maana dada aliendelea kusema. Mahali alijua. Alichokosa ni macho.

Na mshukuru. Kabla ya Mei 2000 Marekani ilikuwa inaichafua makusudi ishara ya raia, unaweza kukosea hadi mita 100. Sisi tumeendesha enzi hizo na hatukufungua uzi.

Gia Namba Moja

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, sikuja darasani, nimekuja na tope. Kwani hizo setilaiti hazikuona maji? Gari limezama, yeye anasema UMEFIKA. Kwa sauti ile ile! Hata kutetemeka hakutetemeka!

Mzee wa Dira

Marahaba. Setilaiti hizo hazioni kitu, kijana wangu. Zinatangaza saa na mahali zilipo tu.

Kidole Gumba

Mimi nina swali dogo. Mleta mada, umesema ilikuandikia saa 12 kwa kilometa 60?

Gia Namba Moja

Ndiyo. Saa 12 jioni.

Kidole Gumba

Iliandika "jioni"?

Gia Namba Moja

Iliandika saa 12. Nyingine ipi sasa?

Kidole Gumba

Mkuu. Kilometa 60 gawa kwa 12. Unapata mwendo wa kilometa 5 kwa saa. Pale juu ya skrini palikuwa na kipicha cha gari au cha mtu anayetembea?

Gia Namba Moja

Hilo halihusiani na mada.

Mpenda Ligi

HAHAHAHA MODS WEKENI HUU UZI JUU KABISA

Kidole Gumba

Jibu mkuu, tuko wenyewe hapa.

Gia Namba Moja

Wiki iliyopita niliitumia kwa miguu. Nikasahau kurudisha. Haya, furahini. LAKINI hata wa miguu angezama! Mnataka kusema kwa mtembea kwa miguu ni sawa kuambiwa amefika mwisho wa safari yake akiwa na maji kiunoni?

Mpenda Ligi

Mtu wa miguu angevuka kwenye mawe mkuu. Wewe umepeleka tani mbili kwenye njia ya mbuzi, halafu unamlaumu dada wa watu. Huyo dada alikuwa anashangaa wewe mtu gani unatembea kwa kasi ya kilometa 80.

Kiti cha Mbele

Nimecheka hadi nimeegesha gari pembeni.

Binti Kontua

Tumuache apumue, swali lake ni la maana. Kwanza uelewe kuchagua programu siyo kuchagua ramani. OsmAnd na Organic Maps zote mbili zinachota kwa OpenStreetMap, ule mradi wa kujitolea wa kuchora ramani ulioanza Uingereza mwaka 2004. Kijito ambacho hakijachorwa huko hukikuti kwenye hii wala ile.

Njia za vumbi kwenye ramani hizo huwa na daraja, 1 ni imara karibu na lami, 5 ni udongo laini mtupu. Kuna hata alama ya kusema hapa ni magari ya four-wheel peke yake. Tatizo ni kwamba njia kibao hazina daraja lolote. Mtu kaichora kwa kutazama picha ya angani, hajawahi kuikanyaga, na programu ikikuta patupu inakisia. Ukiiambia "njia fupi zaidi" ndiyo unairuhusu kukisia vibaya. Mimi hiyo nimeizima siku nyingi.

Organic Maps ni nyepesi, ukishapakua eneo lako haikusumbui na bando, kwa lami inatosha kabisa. Porini natumia OsmAnd, ina mistari ya mwinuko (huo mteremko wako ungeuona umebanana kama mistari ya kiganja), na inafuata faili la GPX, yaani rekodi ya njia, kutoka kwa mtu aliyeshapita. Menyu zake zinatia hasira, nakubali. Siku ya kwanza nilitafuta kitufe cha kuondoka nusu saa nzima. Ila ukifuata GPX ya mwenzio, umefuata tairi zilizopita kweli, siyo makisio. Na washa kurekodi tangu unapoacha lami, ili ukishindwa urudi kwa alama zako mwenyewe.

Kuhusu "umefika": programu nyingi huwa zinavuta nukta yako hadi kwenye mstari wa karibu uliochorwa. Kama njia iliishia kijitoni, kwake yeye hapo ndipo mlangoni.

Gia Namba Moja

Asante dada yangu, wewe ndiye binadamu peke yako humu. Lakini aseme basi "nimeishiwa njia". Aseme "mimi sijui kinachofuata". Kwa nini aseme MWISHO WA SAFARI YAKO? Mama mkwe mpaka sasa hajanisemesha. Amemsemesha fundi.

Mpenda Ligi

Kwa hiyo mita 200 kutoka kwa wenyeji. Dada alikufikisha.

Gia Namba Moja

Wewe nakutafuta.

Nyuzi na Dakika

Afadhali wewe ulifika. Mimi rafiki yangu alinitumia mahali pa kupiga kambi akapaandika kwa digrii, dakika na sekunde. Programu yangu inataka digrii zenye desimali. Nikaona dakika 15 sekunde 30, nikaandika nukta 1530. Kumbe digrii ina dakika 60, siyo 100, ilitakiwa nukta 2583. Nimekosea kwa karibu kilometa 12. Nililala juu ya kilima nikiwaza wamenisusa. Wao wanaota moto bondeni wanawaza nimewasusa. Hatujaongea miezi miwili. Hii ndiyo ya kufungulia uzi, siyo vyura.

Mzee wa Dira

Digrii moja ya kaskazini-kusini ni kilometa 111. Wote mngefundishwa hili kabla ya kupewa leseni.

Mke wa Dereva

Nyie mnalalamika dada anasema vibaya. Wangu anaambiwa vizuri na hasikii! "Pinda kushoto." Anasema huyu hajui, kuna njia ya mkato. Inakokotoa upya. Inakokotoa upya. Inakokotoa upya. Siku hiyo imekokotoa hadi simu imepata moto ikajizima, na yeye akasema "umeona, hata yenyewe imekubali."

Kidole Gumba

Hiyo ya simu kupata moto ni kweli. Jua la kwenye kioo, skrini imewaka muda wote, chaji inaingia, inajizima katikati ya njia panda. Ishushe pale inapopulizwa na kiyoyozi.

Kiti cha Mbele

Ya kwenye tundu la kiyoyozi inaanguka wakuu. Kwenye lami inashika, ukiingia makorongo tu inaruka inakaa chini ya breki. Nimewahi kuitafuta kwa mguu huku gari linashuka.

Mke wa Dereva

Ya kubandika kioo cha mbele je?

Kiti cha Mbele

Jua linaifungua gundi. Yangu ilidondokea kwenye paja la abiria akapiga kelele, nikadhani nimegonga mtu.

Gia Namba Moja

Jamani, hiyo OsmAnd ina sauti ya kiume?

Nyuzi na Dakika

Mimi natumia tableti ya zamani nimeifunga kwa skrubu kwenye dashibodi. Haiendi popote.

Mzee wa Dira

Ramani ya karatasi haihitaji kishikio.

Mpenda Ligi

Mzee, na karatasi inaingia kwenye kijito vilevile.

Gia Namba Moja

Nimeuliza kuhusu sauti. Kuna mtu ananisoma?

Kidole Gumba

Mkuu fungua uzi wako, huu ni wa vishikio.

Mke wa Dereva

Cha sumaku kinahimili makorongo au nacho kinaruka?