Tupeane uzoefu: samaki kapu kwa nzi wa bandia, mlimpata wapi?

Fundi Mshipi:
Wadau, juzi nimepita Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, kununua samaki, nikakuta mama anapara kapu wa kilo kama sita, magamba yanaruka hadi kwenye kikombe chake cha chai. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Miaka mitatu napanda Aberdare kutafuta trauti wa ukubwa wa kiganja, kumbe dume kama lile liko hapa chini. Fimbo ya kuvulia ninayo, nguvu yake namba sita. Nzi, yaani ndoana iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu, nafunga mwenyewe. Nauliza tu: ni wapi Naivasha, au popote karibu na kwenu, mtu anaweza kusimama ukingoni akamwona kapu kabla ya kurusha? Habari za mtumbwi na nyavu kaeni nazo.

Mtoto wa Gilgil:
Kapu si la kubebea nyanya?

Fundi Mshipi:
Tumeanza.

Babu Malewa:
Nilianza kurusha pale tukiwa bado tunavua besi, kapu hatumjui. Alionekana 2001, na haikupita miaka kumi akawa ndiye anayejaza mizani za ufukweni. Kijana, usitafute samaki, tafuta kazi anayoifanya. Kapu anakula kichwa chini, anachimbua tope. Ukiona maji yanafuka kama chai ya maziwa mahali pamoja na pembeni yake ni masafi, yupo. Ukiona mapovu madogo madogo yanapanda kwa mstari, yupo na anatembea. Ukiona ncha ya mkia imechomoza, basi usipumue. Nenda saa moja asubuhi, maana baada ya saa sita upepo ukiamka huoni kitu. Vaa miwani ya polaraidi, ile inayokata mng'ao wa maji. Tembea kama unaiba kuku, maana anasikia kishindo cha kisigino kuliko unavyodhani.

Nzi awe wa kahawia au mwekundu uliofifia, mzito, mfano wa wale kamba wekundu walioletwa ziwani 1970. Rusha mbele yake, ng'ambo kidogo, mvute nzi hadi afike usawa wa masharubu, halafu mwachie azame. Hapo ndipo wengi hukosa. Mnangoja kushtuliwa kama kwa trauti. Kapu hakushtui. Anafyonza, anaonja, anatema, wewe bado unangoja. Mshipi ukisita kidogo tu, inua.

Nyumba ya Mafunjo:
Babu kamaliza. Hasa hapo pa kuku.

Ugali Moto:
Yote haya ya nini? Donge la ugali wa jana, ndoana, kokoto moja, unakaa kivulini. Nimetoa wanne bwawa la Masinga Desemba na sikuvaa miwani yoyote.

Fundi Mshipi:
Mkuu, mada ni nzi.

Ugali Moto:
Mada ni samaki.

Shemeji wa Kamere:
Babu, umetaja mapovu nikasimamisha kazi. Ngoja niseme.

Ilikuwa 2020, ule mwaka ziwa lilipanda likameza mashamba. Mnakumbuka nguzo za ua zilivyokuwa zimesimama katikati ya maji. Kapu walikuwa wameingia kwenye nyasi zilizofurika, unawaona migongo nje. Nikaenda na shemeji yangu, amezaliwa palepale, mimi nikiwa ndiye mtaalamu na yeye kazi yake kushika wavu. Nimesimama maji ya magoti ndani ya shamba la mtu la zamani. Nikaona mapovu. Si madogo sana, lakini yanakuja kwa mstari, na tope linafuka nyuma yake vizuri kabisa. Nikarusha ng'ambo, nikavuta, nikaachia. Mshipi ukasita. Nikainua.

Haukutikisika. Halafu ukaanza kwenda. Polepole, bila presha, kama mkokoteni wa punda. Rili inalia tik, tik, tik. Moyoni nikasema hii ni rekodi ya ziwa zima. Nikaita, shemeji, wavu! Kimya. Nikaita tena. Akajibu kwa sauti ya chini, kama yuko msibani: "Shemeji, kata mshipi." Nikate? Una wazimu? "Shemeji. Kata."

Nikageuka kumtazama, yeye hanitazami mimi. Nikafuata macho yake. Masikio mawili. Pua mbili. Umbali wa kitandani hadi mlangoni. Mpaka leo sijui kama ndoana ilimshika au mshipi ulimzunguka tu, sikubaki kuchunguza. Fimbo niliiachia hewani. Nilikimbia majini, jambo ambalo haliwezekani, nikaingia moja kwa moja kwenye seng'enge ya ule ua uliozama. Nyuzi kumi na moja pajani. Kutazama nyuma, shemeji yuko juu ya mgunga, na fimbo yangu inakwenda zake ziwani imesimama wima kama bendera ya mtumbwi.

Mtoto wa Gilgil:
Kumbe wewe ndiye uliyevuliwa.

Mwanza Kirumba:
Nimecheka mpaka mwenzangu kaamka. Shemeji alishuka saa ngapi?

Shemeji wa Kamere:
Saa tano. Alisubiri mpaka waje wenye mtumbwi. Mimi nilikuwa nimeshashonwa.

Nyumba ya Mafunjo:
Fimbo ilikuwa namba ngapi?

Shemeji wa Kamere:
Nane. Ya kuazima.

Mke wa Mvuvi:
Chekeni, ila mtaani kwetu kuna nyumba mbili ambazo baba hakurudi kwa sababu ya viboko. Na huyo anayewaambia watu saa moja asubuhi, hajui kwamba asubuhi ndiyo wanarudi majini kutoka malishoni?

Babu Malewa:
Ndiyo maana nikasema saa moja, sikusema saa kumi na mbili.

Mke wa Mvuvi:
Kiboko hana saa, Babu.

Mbongo Denver:
Huku niliko hakuna viboko, kuna vijana wa skuta. Mto South Platte unakatiza katikati ya jiji la Denver, miaka minne nikadhani ni mfereji wa maji machafu. Siku moja nasubiri treni nikaona mzee anarusha nzi chini ya daraja. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe kuna hadi mashindano, Carp Slam. Nilivyopata sehemu zangu: nafungua ramani ya setilaiti, natafuta mahali mto unapopoza mwendo baada ya maporomoko ya zege, halafu naenda kwa miguu. Angalieni na miti. Mforosadi ukidondosha matunda majini, kapu anakaa chini yake mdomo wazi kama mtoto wa chekechea. Nzi wangu wa siku hiyo ni uzi wa sufu wa zambarau tu. Wote nawarudisha majini.

Ugali Moto:
Unarudisha samaki wa kilo saba? Kwenu kuna njaa ya aina gani?

Besi Damu:
Wa Naivasha asirudishwe hata mmoja. Ni mgeni huyu, amechafua maji, besi ameisha.

Nyumba ya Mafunjo:
Besi naye aliletwa kutoka Marekani 1929. Trauti wa Fundi kule Aberdare naye 1905. Mwenyeji wa lile ziwa alikuwa kasamaki kadogo kama msumari, na kenyewe kalishatoweka. Mgeni gani unamfukuza mgeni?

Besi Damu:
Mgeni mstaarabu.

Mama Samaki Karagita:
Huyo mgeni wenu ndiye anayelipa karo kwangu. Wateja wakilalamika ana tope na miba, namkata mistari ya karibu karibu mpaka kisu kiguse mfupa, ndimu, chumvi, nusu saa, kisha mafuta mengi yanayochemka. Miba midogo inaisha yenyewe. Na wewe Fundi, si ni wewe uliyenisimamia siku ile? Ungeniuliza. Waone watoto wanaochunga ng'ombe kando ya ziwa. Wanajua kapu wako kwenye nyasi zipi leo, na kile kinyama kingine kimelala wapi. Wape mia.

Mwanza Kirumba:
Sisi huku na sangara na sato tunasoma tu. Nzi mmoja anauzwaje?

Fundi Mshipi:
Mrejesho. Jumamosi nilikwenda, nikaandikisha jina kwa viongozi wa ufukwe, nikatafuta mtoto wa ng'ombe, nikampa mia mbili. Akanipeleka mahali ambapo sitapataja hapa, mnisamehe. Mikia mitatu, mikia mitatu wadau, maji ya kifundo. Wa kwanza nilimtisha kwa kivuli changu. Wa pili nikamwangushia nzi kichwani. Wa tatu alifyonza, nikaona mashavu yakifunguka, nikahesabu moja mbili kama mjinga, akatema. Babu, nimekuelewa sasa. Nikasogea mbele kidogo nitafute wengine, nikaona mapovu yanakuja kwa mstari. Nikarudi kwenye gari.

Shemeji wa Kamere:
Fimbo yangu hukuiona?