MREJESHO: Likizo ya Suriname, tumerudi salama

Wakuu, mwezi wa pili niliomba ushauri wa siku kumi Suriname, kule Amerika Kusini, mimi na mke wangu. Asanteni sana, mlitufaa.

Aliyesema tulale katikati ya Paramaribo, mji mkuu, alisema kweli. Mji wa kale wa mbao unauzunguka kwa miguu, na pale mtaa wa Keizerstraat nilisimama kitambo nikitazama msikiti na sinagogi vimepakana. Ushauri wa kuendesha baiskeli Commewijne, wilaya ya ng'ambo ya mto, nao tuliufuata: unavuka mto na baiskeli yako ndani ya boti, kisha njia ni tambarare mpaka ngome ya kale ya Fort Nieuw Amsterdam.

Galibi, pwani ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai, ndiko tulikofanikiwa nusu. Tulifika kwa boti kutoka mji wa Albina mwishoni mwa Aprili, na usiku wa kwanza mvua ilinyesha mpaka alfajiri, hatukuona kitu. Usiku wa pili alipanda ufukweni kasa mmoja tu. Mke wangu alimsikia akihema gizani kabla hatujamwona, mchanga aliofukua ukaturukia miguuni. Mkienda, laleni siku mbili. Tungelala moja tungemkosa.

Hifadhi ya Brownsberg tuliiacha, siku ziliisha. Na wewe uliyesisitiza tubebe euro za noti ndogo, Mungu akubariki.