Mapacha wa jeni moja, pumu kwa mmoja tu
Swali: Ndugu zangu, wapwa zangu ni mapacha wanaofanana kabisa, lakini mmoja hubanwa kifua na kupumua kwa mlio wa filimbi usiku wa baridi, ilhali mwenzake hajawahi kuugua pumu. Tofauti imetoka wapi?

Jibu la kwanza: Maandishi ya DNA ni yaleyale, ila seli hubandika juu yake vikundi vidogo vya methili, yaani alama za kikemikali, vinavyosaidia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze, na alama hizo huachana kadiri kila pacha anavyokumbana na virusi, vumbi na moshi. Katika seli zinazotanda njia za hewa, interleukini-13, protini inayochochea ute mzito, hubadilisha pia alama hizo.

Jibu la pili: Moshi huanza mapema mno. Damu ya kitovu ya watoto ambao mama zao walivuta sigara wakiwa wajawazito imeonekana na alama zilizobadilika kwenye AHRR, jeni inayosaidia kudhibiti jinsi mwili unavyoshughulikia sumu za moshi.

Muulizaji: Asanteni. Je, dawa hugusa alama hizo?

Jibu la tatu: Kwa sehemu, ila hapa ni alama za aina nyingine, si za methili. Steroidi ya kuvuta, dawa ya pumu ya kutuliza uvimbe, huita kimeng'enya cha HDAC2, kinachoondoa alama za asetili kwenye protini zinazozungukwa na DNA, ili kizime jeni zinazochochea uvimbe wa njia za hewa. Sigara hukidhoofisha, ndiyo maana nawasihi msivute sigara karibu na pacha huyo mwenye pumu.