Tupeane uzoefu: heda zinazobana plagi kwenye V8 za zamani

Mustang66 (mleta mada), Houston

Wakuu, habari za mihangaiko. Uzi huu ni wa sisi wenye magari ya zamani ya V8 (silinda nane) ambao tumetoa manifoldi ya ekzosi ya kiwandani tukafunga heda, yaani bomba moja moja za kutolea moshi kwa kila silinda. Injini inapumua, mlio unapendeza, halafu inafika siku ya kubadilisha plagi (za cheche). Kuna plagi mkono haufiki, kuna kofia za waya zinaungua, na kuna watu wanalegeza heda nzima ili watoe plagi moja. Kila mwenye uzoefu aseme gari gani, injini gani, silinda namba ngapi ilimsumbua na alifanyaje.

Naanza mimi. Yangu ni Mustang ya 1966, injini 289 (ukubwa kwa inchi za ujazo), heda ndefu. Kwenye Mustang za miaka hiyo minara ya shokapu imeingia ndani pande zote mbili, kwa hiyo bomba za heda hazina pa kwenda, zinabana huko huko karibu na silinda hedi. Plagi iliyonitesa ni ya silinda ya 8, kushoto nyuma kabisa, jirani na boksi la usukani. Plagi za 289 zina uzi wa mm 18 na kichwa cha inchi 13/16, kwa hiyo soketi yake ni pana. Plagi yenyewe inaingia bila tabu. Kinachokataa kupita ni soketi.

Nilitafuta soketi ya plagi yenye ukuta mwembamba na pembe sita kwa juu, nikaikata ikawa fupi, sasa naizungusha kwa spana ya kawaida. Inakwenda robo kwa robo, lakini plagi inatoka heda ikiwa imefungwa.

Kitu ninachowaomba mkizingatie kabla ya kununua heda: plagi inahitaji nafasi tatu. Ya kwanza ni ya plagi, ya pili ya kofia ya waya, ya tatu ya chombo cha kuifungulia. Wauzaji wengi wanakuhakikishia ya kwanza tu. Jaribuni zote tatu heda ikiwa imeshikwa na bolti mbili, kabla ya kukaza na kabla ya kuunganisha ekzosi.

Bin Said, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nina Land Cruiser FJ40. Injini yake ya asili, 2F, haina matatizo haya: manifoldi upande mmoja, plagi upande wa pili. Lakini niliyenunua kwake alikuwa keshaitoa akaweka Chevrolet 350 na heda. Hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya mpira ulioungua kila nikipanda mlima.

Plagi zangu zinafikika, shida ilikuwa kofia. Bomba la heda injini ikiwa na mzigo linaweza kupita nyuzi 500 za selsiasi, na huku kwetu kiangazi hewa yenyewe inapita 40. Kofia ya mpira iliyolalia bomba haikai. Nilivisha soksi za nyuzi za kioo, zikaongeza muda kidogo, lakini pale kofia inapogusa chuma hata soksi hazisaidii. Sasa nimeweka kofia za seramiki. Angalizo: seramiki haipindi hata kidogo, kwa hiyo lazima ununue pembe inayofaa. Kuna zilizonyooka, kuna za nyuzi 45, 90 na 135. Mimi mbele nina za 90, nyuma zilizonyooka. Ukilazimisha itapasuka.

Jambo jingine ambalo watu wanalisahau wanapokimbiza waya mbali na heda. Chevrolet hizi zinawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zinafuatana kuwaka, na zinakaa jirani upande wa kushoto. Ukizifunga waya zake pamoja sambamba ili zikwepe joto, cheche ya 5 inaweza kuamsha 7 kabla ya wakati wake. Gari litamisi (litakatakata) na utalaumu kabureta bure. Zitenganishe, na kama lazima zikutane, zipishane kwa msalaba.

Fundi wa Gesi, Dar es Salaam

Wakuu, nizungumzie kubonyeza bomba, maana wengi wanaliogopa na wengine wanalifanya vibaya.

Mteja alileta Range Rover ya zamani ya V8 ya petroli, heda za kutengenezwa, bomba moja limekaa mbele ya plagi kabisa. Nilifunga heda na plagi zote, nikapitisha soketi, nikapaka chaki pale inapogonga. Nikatoa heda, nikachoma hapo kwa gesi mpaka chuma kikawa chekundu sawasawa, nikaweka kipande cha shafti ya duara na kugonga juu yake. Shafti inaacha bonde laini. Nyundo tupu inaacha kona, na kwenye kona ndipo ufa unapoanzia. Usisogee karibu na mshono wa welding wala flenji. Flenji ikipinda, gasketi zitavuja maisha yako yote.

Watu wanauliza kama bonde linaua nguvu. Dogo la kupisha soketi halina madhara ya kuonekana barabarani. Ninachokataa ni kubonyeza mpaka bomba libaki nusu. Na kama heda imepakwa seramiki au kromu, moto utaharibu hapo, hivyo kazi hii ifanyike kabla ya kupaka.

Hizo Rover zina hedi za alumini. Msizifungue plagi injini ikiwa ya moto, uzi utatoka nayo. Wakati wa kurudisha, chomekeni kichwa cha plagi kwenye kipande cha bomba la mpira la mafuta, muanze kwa vidole. Ikienda mshazari, mpira utateleza kabla uzi haujaharibika. Mahali ambapo jicho halifiki, hiyo ndiyo njia pekee ninayoiamini.

Mama Chevy, Minneapolis

Fundi ubarikiwe, hiyo ya mpira naichukua leo hii. Swali: plagi fupi za heda zinafaa? Nina Chevelle ya 1972, 350.

Mustang66

Dada, zinafaa, lakini kinachofupishwa ni sehemu ya juu, kaure na kichwa. Urefu wa uzi unaoingia kwenye hedi haubadiliki, na ukipewa tofauti ikatae. Angalia pia daraja la joto (uwezo wa plagi kutoa joto) lilingane na la plagi uliyonayo.

Kuna jambo linalowachanganya wenye Chevrolet. Hedi za zamani zaidi zinatumia plagi yenye washa (ringi ya kuzibia), kichwa inchi 13/16. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja zenye kiti cha mteremko, zinazoziba bila washa, kichwa inchi 5/8, soketi yake nyembamba zaidi. Kwa upande wa nafasi hizo za pili ni neema. Lakini hazibadilishani: ya mteremko haizibi kwenye hedi ya washa. Na usitegemee mwaka wa gari, kwa sababu hedi za magari haya zimeshahamahama sana. Toa plagi moja uione.

Msomaji wa Coventry

Wengine walikuta tabu hii kiwandani kabla hata ya heda. Sunbeam Tiger za 1964 hadi 1967, Ford V8 iliyosukumwa ndani ya gari dogo, plagi moja ya nyuma inafikiwa kupitia tundu kwenye ukuta wa ndani ya kabini, limezibwa kwa mpira. Chevrolet Monza ya V8, 1975, ilibidi kulegeza maunti (mipira inayoshika injini) na kuinua injini ili kutoa plagi ya 3.

Zed wa Ngong Road

Ndiyo maana mimi na Datsun 240Z yangu, silinda sita za mstari mmoja, nalala vizuri. Heda kushoto, plagi kulia.

Mama Chevy

Fundi, swali la mwisho. Plagi ya nyuma kushoto soketi inapita, ila mpini wa raiti (spana ya kuzungushia soketi) unagonga boksi la usukani. Nibonyeze?

Fundi wa Gesi

Usibonyeze, dada yangu. Heda imefungwa kwenye hedi, inatembea na injini, kwa hiyo nafasi kati ya plagi na bomba haijabadilika. Kama mpini unagonga boksi, kagua maunti za injini kwanza. Mpira ukichoka injini inalala upande huo. Inua injini kidogo kwa jeki, ukiweka ubao chini ya sampu (trei ya oili), halafu jaribu tena raiti. Ikipita, badilisha maunti.