Mtumbwi wa dagaa Mwanza: fungeni hesabu kwa giza, si kwa tarehe 30

Ndugu zangu, salaam.

Ugomvi mwingi kati ya aliye ughaibuni na ndugu anayemsimamia mtumbwi wa dagaa, uwe Igombe, Kayenze au Ukerewe, hauanzi na wizi. Unaanza na kalenda. Wewe mshahara wako una tarehe. Mtumbwi unangoja giza.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitanda ziwani, taa haiwavuti tena, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo siku kama saba hadi kumi, kabla na baada ya mwezi mpevu, mitumbwi hupumzika. Hapo ndipo nyavu zinashonwa, nyufa zinazibwa, injini inafunguliwa. Yaani ombi la pesa linakufikia wakati ambao hakuna hata ndoo iliyouzwa. Usipolijua hilo, utaapa unaibiwa.

Tena mapumziko hayo hayakai tarehe moja. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hivyo kila mwaka yanarudi nyuma siku 11 hivi. Kubalianeni hesabu ifungwe kila kipindi cha giza kikiisha, mitumbwi inapopumzika: mara 12 kwa mwaka, mara nyingine 13. Mafuta, taa, chakula na mgao wa vijana wanaovua vitoke kwanza. Omba picha ya daftari yenye ndoo za kila usiku na bei ya siku ile.

Na masika msidai mapato ya kiangazi. Jua likiwa kali dagaa hukauka kwa siku moja. Mvua ikiwakuta wangali mchangani wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Chanja za kuanikia dagaa juu ya ardhi zinapunguza hasara hiyo, na kwa maoni yangu ndizo za kununua kabla ya injini ya pili.

*

Kaka, asante sana. Naongezea la simu.

Saa nne asubuhi vijana wamelala, wamekesha ziwani. Wasipopokea, usianze kutuma maneno makali. Piga saa kumi jioni ya Mwanza: Uingereza ni 13:00 wakati wa baridi na 14:00 wakati wa joto, Minnesota, Marekani, ni 07:00 na 08:00. Saa za Ulaya hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani hutangulia Machi na kuchelewa hadi Novemba. Mwanza haibadiliki, kwa hiyo miadi iandikwe kwa saa ya Mwanza.