Vepu mpya za kubadilisha wati: kwa nini mvuke unafifia mchana ilhali skrini haibadiliki?

Karani wa Likoni ameuliza:

Assalamu alaikum na salamu kwenu nyote. Nilivuta sigara kwa miaka 14, pakiti nzima kila siku, na nimeziacha tangu 2019 kwa msaada wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, moja tu ya kizamani, yenye betri ya kutoa na kurudisha aina ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la silinda. Mwezi uliopita kitufe chake kilizama ndani kisitoke tena, nami nikanunua kifaa kipya kinachosifiwa kwa kuweza kubadilishwa wati kuanzia 5 hadi 30. Ni kizuri kwa macho: chepesi, kina skrini ya rangi, na kinachajiwa kwa waya ule ule wa simu. Betri yake imefungwa ndani.

Koili niliyopewa nacho, yaani ule waya wenye pamba unaopasha majimaji yawe mvuke, ni ya omu 1.0, nami hukiweka kwenye wati 16. Asubuhi nikiwa kwenye feri mvuto wake hauna kasoro na koo linaguswa kama ninavyotaka. Ikifika saa nane mchana, betri ikiwa imebaki kama nusu, mvuke unakuwa mwembamba kama wa chai iliyopoa, na bado skrini inaandika 16. Nikipandisha hadi 20, hakuna kinachobadilika. Hapo ndipo mkono wangu unapoanza kuikumbuka sigara, kwa sababu wenzangu wawili ofisini wanavuta na pakiti ziko juu ya meza. Naliogopa jambo hilo kuliko pesa nilizotoa.

Kuna na mengine. Kila nikichomoa podi, kile kichupa cha majimaji, ili niijaze, kifaa kinajirudisha chenyewe kwenye wati 12, kana kwamba sikuwahi kuchagua lolote. Ijumaa mbili mfululizo kimevuja mfukoni, na kanzu yangu ina doa la hudhurungi ambalo sabuni haikulitoa. Muuzaji ananieleza kuwa koili za kile cha zamani haziagizwi tena, kwa hiyo hata nikitengenezewa kitufe sitakuwa na cha kuweka ndani.

Naomba wenye ujuzi wanieleze: je, wati zinazoandikwa kwenye vifaa hivi ni za kweli? Ni changu kilicho kibovu, au ndivyo vyote vilivyo siku hizi? Na ninyi mliokwisha kuvitumia, mnatarajia nini kwa vinavyokuja?

Fundi wa Luthuli amejibu:

Wa alaikum salaam, kaka Karani. Kifaa chako si kibovu. Kinafanya kazi kama kilivyoundwa, na lawama iko hapo hapo kwenye kuundwa kwake.

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti yenyewe, kisha kugawanya kwa ukinzani wa koili. Koili yako ni ya omu 1.0, hivyo wati 16 zinadai volti 4 kamili. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, lakini haidumu hapo. Hushuka mapema, ikakaa karibu na 3.7 au 3.6 kwa sehemu kubwa ya siku, na hushuka zaidi kidogo kila unapobonyeza kuvuta. Volti 3.6 kwenye koili yako hazifikishi hata wati 13. Ndiyo maana ukiomba 20 mchana hupati kitu: huwezi kuchota maji ya ndoo mbili kwenye ndoo moja.

Vifaa vilivyotengenezwa vizuri vina saketi ya kupandisha volti, ambayo huchukua 3.6 na kuzitoa zikiwa 4 au 5 kadiri koili inavyohitaji. Saketi hiyo ina gharama, inachukua nafasi, na hutoa joto, kwa hiyo katika vifaa vingi vidogo imeondolewa na kubakizwa saketi inayoweza kupunguza tu, kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa. Skrini hukuandikia ulichoomba, si unachopewa. Wiki iliyopita niliufungua mwili wa kimoja cha namna hiyo mezani kwangu. Bodi nzima ilikuwa na upana wa ukucha wa kidole gumba, nami nikatafuta kwa kioo cha kukuza ile indukta, kile kipande cheusi cha mraba chenye waya uliozungushwa ndani yake, ambacho saketi ya kupandisha haiwezi kukikosa. Hakikuwapo. Ganda la nje lakini lilikuwa limeandikwa wati 30.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ujuzi upo na si mgeni. Mwaka 2014 kampuni ya Evolv ya Marekani ilitoa bodi ya DNA 40, ambayo mbali na kupandisha volti iliweza kukadiria joto la koili ya nikeli kwa kufuatilia jinsi ukinzani wake unavyopanda inapopata moto, na kupunguza nguvu kabla pamba haijaungua. Imepita zaidi ya miaka kumi, na mtu analipia skrini ya rangi akakosa hata uthabiti wa wati 16.

Kwa sasa, uliza kama podi yako ina koili ya omu 0.6. Wati 16 kwenye koili hiyo zinahitaji volti 3.1 tu, na betri yako itaweza kuzitoa karibu mpaka iishe. Anza na wati 14 na upande polepole. Ukiweka koili mpya, iloweshe kwa matone machache, jaza podi, kisha subiri dakika 10 kabla ya mvuto wa kwanza. Pamba ikichomwa kikavu mara moja, ladha ya kuungua haiondoki tena.

Mama Wawili wa Tudor amejibu:

Shukrani, Fundi. Nimetumia vifaa vinne vya aina hii kwa miaka mitatu, na sasa ndio naelewa kilichokuwa kinanisumbua.

Ninaloongeza ni kuhusu kufunga kifaa. Vile vya zamani ulibonyeza kitufe mara 5 vikazima, ukawa na hakika. Nilicho nacho sasa kinawaka kwa kuvuta tu, hakina kitufe wala kufuli. Siku moja nilimkuta mwanangu wa miaka miwili amekishika mkononi, mdomo wa podi umeelekea mdomoni mwake, na kile kitaa cha pembeni kinawaka. Sikuwahi kupiga kelele nyumbani kwangu kama siku ile. Nikotini ni sumu, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo sana cha majimaji hayo kinatosha kumdhuru, akiyanywa au hata yakimwagika kwenye ngozi yake. Kwa hiyo tarajio langu la kwanza si wati nyingi. Nataka kufuli inayofanya kazi na podi isiyoweza kufunguliwa na vidole vya mtoto. Mpaka nikipate kifaa hicho, changu kinalala juu ya kabati, ndani ya mkebe.

Kuhusu kuvuja, kaka Karani, joto letu la Mombasa lina sehemu yake. Majimaji yakipata joto huwa mepesi na kupenya kwenye pamba kwa wingi kuliko mvuto unavyoyamaliza. Mimi nilihamia kwenye majimaji mazito zaidi, yenye gliserini ya mboga nyingi kidogo, nikaacha kukilaza kifaa mfukoni. Uangalie tu kwamba koili zenye matundu madogo hazipendi majimaji mazito mno, kwa maana pamba hukauka kabla hayajafika.

Na kile kisa cha kujirudisha kwenye wati 12, changu hufanya vivyo hivyo. Wanasema kifaa kina akili ya kuitambua koili. Ikiwa kweli kina akili, basi kikumbuke nilichochagua jana.

Mpwani wa Leicester amejibu:

Salamu kutoka Uingereza. Nimekulia Kisauni, na huku nina miaka tisa. Huenda nikawasaidia kueleza vifaa hivi vinatokea wapi, kwa sababu vingi vyake vinatengenezwa Shenzhen, China, na umbo lake linafuata sheria za masoko makubwa, ambazo nyinyi huko hamkuulizwa.

Sheria ya hapa inaweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi au podi, na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Tarehe 1 Juni 2025 vepu za kutupa zilipigwa marufuku, na ili kifaa kiuzwe ni lazima kiweze kuchajiwa na kujazwa tena. Jambo hilo nililifurahia sana, kwa kuwa nilikuwa nikipita bustani ya karibu na kwangu na kuzikuta zimetapakaa nyasini, kila moja na betri nzima ya lithiamu ndani yake. Hata hivyo, watengenezaji wengi hawakurudi kwenye vifaa imara vya zamani. Walichukua umbo lile lile la kutupa, wakaongeza tundu la chaja, podi ya kujaza, na skrini yenye namba, wakakiita kifaa cha kubadilisha wati. Nadhani kaka Karani amekinunua kimojawapo cha jamii hiyo.

Tumaini langu liko kwenye betri. Umoja wa Ulaya una kanuni ya betri ya 2023, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Uingereza haimo tena katika Umoja huo na Kenya haihusiki kabisa, lakini kiwanda hakipendi kutengeneza maumbo mawili ya kitu kimoja kama moja linatosha. Betri iliyofungwa ndani ikichajiwa kila siku, baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili inakuwa imechoka, na kifaa kizima kinatupwa pamoja na skrini yake. Nina kifaa cha betri ya kutoa cha tangu 2017. Nimeshabadilisha betri mara tatu, na bado ndicho ninachokitumia ninapoandika haya.

Fundi wa Luthuli ameongeza:

Ndugu wa Leicester amesema kweli, ila niwaonye wanaokimbilia betri za kutoa bila kuzijua. Mezani kwangu huletwa betri za 18650 zilizoandikwa miliampea-saa 9900. Betri halisi ya ukubwa huo haifikii hata nusu ya namba hiyo. Nyingi nzuri ni kati ya 2500 na 3500. Aliyeweza kudanganya kwenye ujazo atadanganya pia kwenye mkondo, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa, na mkondo ndio unaoweza kukuunguza.

Chukueni mfano wa kifaa cha betri moja kinachojitangaza kwa wati 80. Betri ikiwa na volti 3.3 wakati wa kuvuta, na saketi ikipoteza sehemu ya kumi, betri hiyo inadaiwa karibu ampea 27. Samsung 25R, ambayo ni betri ya kuaminika, imepangiwa ampea 20. Wati 40 kwenye betri moja zinadai kama ampea 13 na nusu, na hapo mtu anaweza kuvuta kwa amani. Anayetaka 80 achukue kifaa cha betri mbili, azinunue pamoja, azichaji pamoja, na asizitenganishe. Betri iliyochanika ganda la plastiki isiwekwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu, hata kwa safari ya matatu ya dakika tano.

Sioni, kwa kweli, ni nani kati yetu anayehitaji wati 80. Wati zikipanda, majimaji yanakwenda. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa majimaji ya nikotini hapa Kenya ni shilingi 100 kwa mililita, kutoka 70 za awali. Chupa ya mililita 30 ina shilingi 3,000 za ushuru kabla hujahesabu kilichomo ndani yake. Kifaa kinachotoa wati 16 za kweli kina faida kwa mvutaji wa Mombasa kuliko kinachoahidi 80.

Karani wa Likoni amerudi:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza kwa siku kumi.

Koili ya omu 0.6 ilipatikana duka la tatu. Niliilowesha, nikasubiri dakika 10 kwa saa, nikaanza na wati 14 na kuishia 16. Maneno ya Fundi yamethibitika: jana saa kumi na moja jioni, nikiwa kwenye foleni ya feri na alama ya betri ikiwa imebaki kijistari kimoja, mvuto ulikuwa ule ule wa asubuhi. Hakuna siku hata moja katika kumi hizo ambapo niliiangalia pakiti ya mwenzangu kwa jicho la tamaa.

Mvuke wa koili hii ni mwingi zaidi, na siku ya kwanza kichwa kilinizunguka, kwa hiyo nimeshusha nikotini kutoka miligramu 20 hadi 12. Majimaji nayo yameongezeka. Zamani mililita 2 zilinitosha siku nzima na sasa ninakaribia 3, na kwa ushuru huo alioutaja Fundi ninalihisi ongezeko hilo. Kifaa bado kinajirudisha kwenye wati 12 kila ninapojaza, nami nimezoea kukirekebisha kabla ya mvuto wa kwanza. Kuvuja kumekoma tangu nilipoanza kukisimamisha ndani ya kikombe mezani, na Ijumaa ninakiacha nyumbani.

Dada wa Tudor, nimenunua mkebe wenye kifuniko cha kubana, kwa maana wajukuu wa jirani huingia kwetu bila kubisha hodi.

Fundi, kile cha zamani bado ninacho. Ikiwa unaweza kubadilisha kitufe chake na kunipatia tangi jingine linaloingia kwenye uzi uleule wa juu, nitakutumia kwa basi wiki hii. Nitatoa betri kwanza na kuiacha hapa.

Fundi wa Luthuli amejibu:

Kitume, kaka. Vitufe vya namna hiyo ninavyo, na uzi wa juu kama ni ule wa 510, kipimo kinachotumika kwenye vepu nyingi, matangi yapo mengi. Nipigie picha sehemu ya juu kabla hujakifunga, ili niagize tangi linalochukua koili ambazo bado zinaingia nchini.